Kununua nyumba kuukuu ya kupangisha Massachusetts: namna ya kuikabili rangi yenye madini ya risasi kabla ya kutia saini

Anayetafuta nyumba ya kupangisha Worcester, Lowell, Lynn au Dorchester mara nyingi huangukia nyumba ya mbao ya ghorofa tatu iliyojengwa zaidi ya miaka 90 iliyopita, kila ghorofa ikiwa makao ya familia moja, yenye vibaraza kwa nyuma na ngazi inayotumiwa na wote. Kwa mhamiaji aliyedunduliza akiba yake kwa miaka, nyumba ya namna hii inampa nafasi njema: anakaa ghorofa moja, na kodi ya zile mbili inamsaidia kulipa mkopo. Tatizo ni kwamba nyumba za umri huo zimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na katika tabaka za chini karibu daima mna madini ya risasi, kwa kuwa Marekani ilipiga marufuku rangi ya majumbani yenye madini hayo mwaka 1978. Ndugu yeyote anayeniuliza aanze kukagua wapi, humwambia aanze na rangi, hata kabla ya paa na mtambo wa kupasha joto. Paa likivuja utaliziba, lakini ubongo wa mtoto uliodhuriwa na risasi haurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba za matofali na chokaa, na hatukufundishwa kuiogopa rangi ya ukutani. Tunapoambiwa habari hii tunadhani hatari ni mtoto kubandua gamba la rangi na kulitafuna. Hilo hutokea, lakini hatari kubwa zaidi ni vumbi. Simama mbele ya dirisha la zamani la mbao, lile la kusukuma juu na kushusha chini, ulifungue kisha ulifunge. Mbao mbili zenye rangi zinasuguana, na kila zinaposuguana zinasaga unga mwembamba wa kijivu unaotua kwenye kizingiti cha dirisha na ndani ya mfereji ambamo dirisha linakaa. Pitisha kidole hapo na utauona. Mtoto wa mwaka mmoja anayejifunza kusimama hushika kizingiti hicho hicho kwa viganja viwili, kwa kuwa ndicho kilicho kwenye kimo chake, kisha hutia vidole mdomoni. Hakuna kiwango cha risasi mwilini ambacho wataalamu wa afya wamekithibitisha kuwa salama kwa mtoto. Madini haya hupunguza uwezo wa kujifunza, huharibu usikivu na kuvuruga tabia, na mara nyingi hufanya hivyo bila mtoto kuonyesha dalili yoyote hadi damu yake ipimwe. Mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Ili uone udogo wa kiasi kinachozungumziwa: kanuni za Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani zilizopitishwa mwaka 2024 zinataka vumbi la sakafuni, baada ya kazi ya kuondoa rangi hii, lisibaki na risasi inayofikia mikrogramu 5 kwa kila futi ya mraba. Gramu moja ya risasi ikitandazwa sawasawa ingetosha kuchafua futi za mraba 200,000 hadi kiwango hicho.

Sheria mbili zinazokuhusu kwa wakati mmoja

Kuna sheria ya shirikisho na kuna sheria ya jimbo, na makosa mengi hutokana na mnunuzi kuzichanganya. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 ni sheria ya kuambiana ukweli. Inamtaka anayeuza au kupangisha nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 aseme anachokijua kuhusu rangi hiyo, akabidhi ripoti zote alizo nazo, zikiwemo zinazohusu ngazi na sehemu za pamoja, atoe kijitabu cha maelezo kilichoidhinishwa na serikali, na ampe mnunuzi siku 10 za kufanya ukaguzi kwa gharama yake mwenyewe, isipokuwa wakikubaliana muda mwingine. Anayevunja sheria hiyo kwa makusudi anaweza kudaiwa mara tatu ya hasara aliyoisababisha. Hata hivyo, haimlazimishi muuzaji kupima wala kuondoa chochote. Akishasema na kutia saini, amemaliza wajibu wake.

Sheria ya Massachusetts, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1971, ni sheria ya kutenda. Inasema kwamba nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 na inayokaliwa na mtoto aliye chini ya miaka 6 ni lazima iondolewe hatari za rangi yenye risasi au hatari hizo zifunikwe. Hatari hizo ni rangi hiyo inapobanduka popote pale, na rangi hiyo ikiwa kwenye madirisha na sehemu nyingine ambazo mtoto huzifikia, hata kama haijabanduka. Wajibu huo ni wa mwenye nyumba. Hati ikishakuwa na jina lako, ni wako, na mtoto akidhurika utawajibika hata kama hukujua kitu.

Nisisitize hilo la kutojua, kwa sababu ushauri mbaya unaozunguka miongoni mwetu umesimama juu yake. Utamsikia mtu, pengine hata dalali, akikuambia usipime, kwa kuwa ukipima utakuwa umejua, na ukishajua itakubidi umwambie kila mpangaji. Ni kweli kwamba ripoti ya ukaguzi ikishakuwepo hairuhusiwi kufichwa. Lakini sheria ya jimbo haiulizi ulijua nini; inauliza mtoto alikuwa wapi na rangi ilikuwa katika hali gani. Asiyepima hajikingi na chochote. Anachokikosa ni nafasi ya kurekebisha mambo kabla mtoto hajaumia, na nafasi ya kupunguziwa bei kabla hajalipa.

Kabla ya kutoa ofa

Anza na mwaka wa ujenzi, unaopatikana katika kumbukumbu za ofisi ya mji inayothamini majengo kwa ajili ya kodi. Karibu miji yote huziweka kwenye intaneti. Kisha ingia kwenye hifadhidata ya jimbo iitwayo Lead Safe Homes, ambayo iko wazi kwa kila mtu na haina malipo. Ukiandika anwani, utaonyeshwa kama nyumba iliwahi kukaguliwa na matokeo yalikuwaje. Tafuta kila ghorofa peke yake, kwa kuwa barua ya ghorofa ya kwanza, yaani hati ya mkaguzi inayothibitisha kwamba sheria ya risasi imetimizwa humo, haisemi lolote kuhusu ya tatu. Nimewahi kuona nyumba iliyotangazwa kuwa imekwisha safishwa, na tulipotafuta tukakuta ni ghorofa ya kati pekee iliyokuwa na barua, tena ya miaka mingi nyuma.

Unapotembelea nyumba, beba tochi na usione haya kupiga magoti. Tazama madirisha: kama yamebadilishwa, tatizo kubwa limepungua, ingawa fremu za ndani huenda bado ni zile za zamani. Tazama milango inayokwaruza fremu, ngazi na mikono yake, nguzo na sakafu za vibaraza vya nyuma, na udongo ulio chini ya ukuta wa nje ambako magamba ya rangi huanguka. Rangi iliyopasuka ikawa kama ngozi ya mamba, yenye vijiraba vidogo vidogo, ni dalili ya tabaka za zamani. Kila unapozungukia, angalia pia wanaoishi humo: vitanda vya watoto, baiskeli ndogo, viatu mlangoni. Nyumba yenye mtoto wa miaka 2 kwenye ghorofa ya pili haina kazi sawa na nyumba yenye wazee watupu, na saa yake ya kisheria huanza kuhesabu siku ile ile unapokabidhiwa.

Kisha soma fomu ya taarifa aliyojaza muuzaji. Mara nyingi ametia alama mahali panaposema hana ufahamu wowote na hana ripoti yoyote. Wapo wanaoisoma alama hiyo kama habari njema, na hapo ndipo wanapoumia. Maana yake ni kwamba hakupima. Kama nyumba ni ya mwaka 1910 na hifadhidata haina kitu, chukulia kwamba rangi ipo na upange fedha zako kwa msingi huo.

Ofa, ukaguzi na bei

Katika ofa, na baadaye katika mkataba wa kuuziana, weka sharti lililoandikwa waziwazi kwamba ununuzi unategemea ukaguzi wa rangi yenye risasi, likitaja siku, likitaja kwamba mkaguzi ataruhusiwa kuingia ghorofa zote na sehemu za pamoja, na kwamba usiporidhika na matokeo unarudishiwa amana yako. Soko likiwa moto, utaombwa uiache haki ya siku 10 ili ofa yako ionekane tamu. Kwa nyumba ya kupangisha ya umri huu, mimi siiachi. Afadhali niikose nyumba.

Mkaguzi wa nyumba wa kawaida, yule anayetazama msingi na umeme, hatoshi. Unahitaji mkaguzi wa rangi yenye risasi aliyepewa leseni na jimbo, ambaye hupita chumba kwa chumba na kifaa cha mionzi kinachosoma tabaka zote kwa pamoja bila kuchubua ukuta. Ripoti yake ni ndefu na ina msimbo kwa kila ubao wa dirisha na kila upande wa chumba, na haisomeki kwa urahisi. Mwombe akae nawe nusu saa akueleze ni sehemu zipi zina rangi yenye risasi, na kati ya hizo ni zipi ambazo sheria inazihesabu kuwa hatari. Hesabu hizo mbili hazilingani. Ukuta mzima usiobanduka unaweza kuwa na risasi na bado sheria ya jimbo ikauacha, huku kizingiti kidogo cha dirisha kikilazimika kushughulikiwa.

Ripoti ikishapatikana, ipeleke kwa wakandarasi wawili au watatu wenye leseni ya kuondoa rangi hiyo ili wakupe makadirio kwa maandishi, kila ghorofa kivyake. Makadirio hayo ndiyo silaha yako mezani. Unaweza kuomba bei ipungue, au muuzaji afanye kazi hiyo na kukabidhi barua za jimbo kabla ya siku ya kukabidhiana hati, au sehemu ya fedha ibaki mikononi mwa mwanasheria hadi kazi ikamilike. Binafsi napendelea bei ipungue na kazi nisimamie mwenyewe, kwa kuwa muuzaji anayeondoka hutafuta njia rahisi, na anayebaki na nyumba ni mimi.

Muulize pia wakala wa bima, kwa maandishi, kama bima ya nyumba inalipa madai ya mtoto aliyedhuriwa na risasi, au kama imeyaondoa kwa ghorofa zisizo na barua. Wanunuzi wengi huja kuligundua jambo hili baada ya barua ya wakili wa mpangaji kufika.

Barua hizo zenyewe ni za aina mbili. Barua ya Utekelezaji Kamili hutolewa na mkaguzi baada ya hatari zote kuondolewa au kufunikwa, au kama ukaguzi wa kwanza haukukuta hatari. Barua ya Udhibiti wa Muda hutolewa baada ya hatari za dharura kurekebishwa kwa maelekezo ya mtathmini mwenye leseni, nayo hudumu mwaka mmoja na inaweza kuongezwa mwaka wa pili, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kukusanya fedha za kazi kamili. Muuzaji akikupa barua ya zamani, usiishie kuiangalia tarehe. Rangi iliyoachwa mahali pake ikianza kubanduka, barua hiyo haikulindi mpaka mkaguzi arudi, atathmini hali, na hali nzuri irejeshwe.

Baada ya kukabidhiwa

Kama mtoto aliye chini ya miaka 6 anaishi humo, una siku 90 tangu nyumba ilipokuwa yako kukamilisha kazi au kuiweka chini ya udhibiti wa muda. Siku 90 huyeyuka haraka, hasa kama wakandarasi wana foleni, na ndiyo maana ukaguzi na makadirio yafaa kuwa tayari mkononi kabla ya hapo.

Hapa kuna kosa ambalo nimelishuhudia kwa karibu. Jamaa mmoja alinunua nyumba ya ghorofa tatu mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na kwa nia njema kabisa akataka kuwafurahisha wapangaji aliowakuta. Wiki ya kwanza akamwita fundi wa mitaani, wakang'oa madirisha kumi na moja ya ghorofa ya pili kwa nyundo na mtaimbo, familia ikiwa ndani, mtoto wao mdogo akitambaa sebuleni. Madirisha mapya yalipendeza. Mkaguzi alipokuja baadaye alikuta vumbi la risasi kwenye zulia, kwenye vitanda, na hata ndani ya kabati la vyombo. Familia ilihamishwa, usafi wa kitaalamu ukafanywa kwa gharama yake, na juu ya hayo akaambiwa kwamba kazi iliyofanywa kabla ya ukaguzi na mtu asiyeruhusiwa inaweza kumfungia mlango wa kupata Barua ya Utekelezaji Kamili. Alikuwa ametumia fedha nyingi kuifanya nyumba iwe ya hatari zaidi kuliko alivyoikuta.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na usiuvunje: ukaguzi kwanza, kazi baadaye, ukaguzi tena mwishoni. Kazi zenye hatari kubwa, kama kukwangua rangi au kubomoa kuta, ni za mkandarasi mwenye leseni peke yake. Kazi za hatari ya wastani, kama kubadilisha madirisha, mwenye nyumba anaweza kuzifanya akishapata mafunzo na idhini ya jimbo. Zile za hatari ndogo, kama kutoa milango au kufunika ngazi, anaweza kuzifanya akishasoma kijitabu cha jimbo na kufaulu mtihani wake. Wakati wa kazi kubwa wapangaji hawapaswi kulala humo, na mwenye nyumba ndiye anayewatafutia mahali pa kukaa na kubeba gharama za ziada. Kaa nao mapema, wape tarehe, waeleze kwa lugha wanayoielewa ni kwa nini mnafanya hivyo. Kama mtoto hajapimwa damu, wahimize wampeleke. Katika jimbo hili watoto hupimwa kwa mara ya kwanza wakiwa na miezi 9 hadi 12, kisha wakiwa na miaka 2 na tena miaka 3.

Fedha zipo, ingawa hazitoshi zote. Tangu mwaka wa kodi wa 2023, jimbo linakupunguzia kodi ya mapato hadi dola 3,000 kwa kila ghorofa iliyofikia utekelezaji kamili, na hadi dola 1,000 kwa udhibiti wa muda. Kuna pia mikopo ya mpango uitwao Get the Lead Out wa shirika la MassHousing, na baadhi ya miji ina ruzuku zake. Omba kabla ya kuanza kazi.

Wapo watakaokushauri njia ya mkato: usipangishe familia zenye watoto wadogo. Ni haramu kisheria. Huruhusiwi kumkatalia mtu nyumba, kumfukuza wala kukataa kuendeleza mkataba wake kwa sababu ana mtoto na nyumba ina risasi. Kinachoruhusiwa ni kuchelewesha kuanza kwa upangaji kwa muda usiozidi siku 30 ili kazi ikamilike. Vilevile huwezi kumkataa mpangaji kwa sababu kodi yake inalipwa kwa vocha ya serikali, na mwenye vocha aliye na mtoto chini ya miaka 6 atahitaji nyumba yenye barua. Sisi tuliozunguka mji na watoto mgongoni tukiambiwa nyumba zimejaa tunajua jambo hili lina uzito gani.

Usidhani barua imefuta risasi yote. Rangi nzima iliyo mahali pasipofikiwa na mtoto bado ipo, na ndiyo maana matengenezo ya baadaye yana kanuni zake. Tangu Aprili 2010, kanuni ya shirikisho inataka kazi yoyote ya kulipwa katika nyumba za kabla ya 1978 itakayovuruga zaidi ya futi 6 za mraba za rangi katika chumba kimoja, au zaidi ya futi 20 za mraba nje, ifanywe na kampuni iliyoidhinishwa, chini ya fundi aliyepata mafunzo. Kubadilisha dirisha kunahesabiwa hata kama ni moja. Mwenye nyumba anayefanya kazi hiyo mwenyewe kwenye nyumba anayoipangisha naye anabanwa, kwa kuwa kodi anayopokea inahesabiwa kuwa malipo. Ni marufuku kuchoma rangi kwa moto, au kuipiga msasa wa mashine isiyo na kichujio maalumu cha vumbi. Kabla ya kumpa fundi kazi, omba uone cheti chake na ubaki na nakala.

Ukinunua nje ya Massachusetts, kanuni za shirikisho zinabaki zile zile, lakini za mahali hubadilika. Maryland inataka nyumba za kupangisha za kabla ya 1978 ziandikishwe katika idara ya mazingira ya jimbo na kukaguliwa kila mpangaji anapobadilika. Philadelphia inadai cheti kwa kila nyumba ya kupangisha ya umri huo. Jiji la New York linatazama hasa majengo ya kabla ya 1960 na linapima kwa kiwango kikali zaidi, miligramu 0.5 kwa sentimita ya mraba badala ya 1.0 ya shirikisho. Maswali ya kuuliza ofisi ya afya ya mahali hapo ni yale yale: ni barua au cheti gani kinachotakiwa, kinadumu muda gani, na nani anaruhusiwa kukitoa.

Kila mpangaji mpya, kabla hajalipa chochote, mpe taarifa ya jimbo ya sheria ya risasi pamoja na nakala za ripoti na barua za nyumba anayoingia, mtie saini wote wawili, naye abaki na nakala yake. Yako iweke kwenye jalada la ghorofa hiyo pamoja na vyeti vya mafundi na picha za kila kazi. Sheria ya shirikisho inataka uitunze miaka 3. Mimi sizitupi kabisa, kwa sababu mtoto anayetambaa sebuleni leo anaweza kuja kuuliza akiwa mtu mzima.